Masharti ya Awali ya Shauri la Kupinga Matokeo ya Ubunge Nchini Tanzania: Muda, Dhamana ya Gharama na Nafasi ya Mpigakura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza masharti ambayo sheria ya Tanzania humtaka mtu ayatimize kabla Mahakama Kuu haijasikiliza shauri lake la kupinga matokeo ya uchaguzi wa mbunge. Masharti yenyewe yametazamwa kupitia Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, ambayo ndiyo iliyozaa maamuzi yanayojadiliwa hapa, pamoja na mifano michache ya Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba masharti ya awali hayapimi ukweli wa madai. Humpima mdai. Kwa sababu hiyo uhalali wa kila sharti hutegemea kwa kiasi kikubwa iwapo linamwachia jaji nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Uamuzi wa Ndyanabo kuhusu dhamana ya gharama unaunga mkono hoja hii; uamuzi wa Lema kuhusu haki ya mpigakura unaitia dosari, na dosari hiyo imejadiliwa mwishoni.

1.0 Utangulizi

Anayesikia habari za kesi ya uchaguzi hufikiria masanduku ya kura, fomu za matokeo zilizofutwafutwa, na mawakala waliotolewa nje ya kituo usiku wa kuhesabu. Hizo ni habari za ushahidi. Kabla ya kuzifikia, shauri hupita katika hatua nyingine ambayo shahidi hapandi kizimbani na kura hazitajwi kabisa. Mawakili wa upande wa pili huwasilisha pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayodai kuwa shauri halipaswi hata kusikilizwa: limeletwa nje ya muda, dhamana haijalipwa, mlalamikaji hana haki ya kulileta, au hati haikutiwa sahihi inavyotakiwa.

Msingi wa pingamizi la awali katika mahakama za Afrika Mashariki uliwekwa katika shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors [1969] EA 696. Kwa mujibu wa uamuzi huo, pingamizi la namna hii hujengwa juu ya hoja tupu ya sheria, huku mahakama ikichukulia kuwa maelezo yote ya mdai ni ya kweli. Msomaji autafakari mtego uliomo katika shauri la uchaguzi. Mahakama huchukulia, kwa muda, kwamba kura ziliibwa kama mlalamikaji anavyodai, kisha huuliza iwapo hata hivyo inaruhusiwa kumsikiliza. Jibu likiwa hapana, shauri hufutwa, mbunge hubaki na kiti chake, na suala la kura hubaki bila kujibiwa na chombo chochote cha dola.

Neno moja kuhusu istilahi. Katika makala haya anayefungua shauri anaitwa mlalamikaji na anayeshtakiwa anaitwa mlalamikiwa, kama ilivyozoeleka katika mashauri ya madai. Neno dhamana linahitaji tahadhari zaidi. Mtu wa kawaida huliunganisha na mshtakiwa wa jinai kuachiwa nje, na katika uchaguzi kuna pia fedha za dhamana ambazo mgombea huziweka wakati wa uteuzi. Dhamana inayozungumziwa hapa ni ya tatu: fedha anazoweka mlalamikaji mahakamani ili, akishindwa, walalamikiwa wapate pa kulipiwa gharama zao.

2.0 Mamlaka ya mahakama

Ibara ya 83 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inaelekeza kuwa shauri la kuamua uhalali wa uchaguzi wa mbunge lifunguliwe kwanza Mahakama Kuu, na rufaa yake iende Mahakama ya Rufani. Kwa upande wa Rais, ibara ya 41(7) inasema kuwa mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hili si sharti la awali kwa maana ya makala haya, kwa kuwa hakuna namna ya kulitimiza. Mtu hawezi kuwahi wala kulipa ili lifunguke. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika hukumu yake ya 15 Julai 2020 kwenye shauri la Jebra Kambole dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliona kuwa zuio hilo linakiuka haki ya mtu kusikilizwa iliyomo katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Nimelitaja hapa mapema kwa sababu linatupa kipimo cha mwisho kabisa upande mmoja: kifungu kisichomwachia jaji kitu chochote cha kuamua. Masharti mengine yote yaliyobaki yako mahali fulani kati ya hapo na uhuru kamili wa mahakama.

3.0 Muda

Sura ya 343 ilitaka shauri lifunguliwe ndani ya siku 30 tangu msimamizi wa uchaguzi alipotangaza matokeo. Sababu ya ufupi huo inaeleweka. Jimbo haliwezi kukaa miaka bila kujua mbunge wake ni nani, na mbunge hawezi kutunga sheria huku kiti chake kikiwa na alama ya kuuliza. Hata hivyo siku 30 za mlalamikaji si sawa na siku 30 za kalenda. Ndani yake anatakiwa kukusanya nakala za fomu kutoka kwa mawakala wa vituo vyote alivyovitilia shaka, kupata wakili, kuandaa hati yenye maelezo mahususi ya kila dosari, na kuisajili. Katika jimbo la mjini hili linawezekana. Katika jimbo ambalo kutoka kata moja hadi nyingine ni safari ya siku nzima, juma la kwanza huisha kabla nakala hazijakusanywa.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwa upande wa Rais. Ibara ya 140 ya Katiba yake ya 2010 inatoa siku 7 za kufungua shauri katika Mahakama ya Juu na siku 14 za kulisikiliza na kuliamua. Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti, shauri likafunguliwa tarehe 18, na uamuzi wa kuufuta uchaguzi ukatolewa tarehe 1 Septemba. Kila hatua ilifikia ukingo wa siku zake. Katika shauri la 2013 mahakama hiyohiyo ilikataa kupokea kiapo cha ziada cha walalamikaji chenye mamia ya kurasa, kwa kuwa kilichelewa kuwasilishwa. Ushahidi uliomo ndani yake haukupimwa kamwe. Kwa wabunge na magavana wa Kenya muda ni siku 28.

Sharti la muda ni gumu, lakini lina adili moja: linamgusa kila mtu kwa namna inayofanana, tajiri na maskini, mgombea na mpigakura. Sharti linalofuata haliko hivyo.

4.0 Dhamana ya gharama

Kifungu cha 111(2) cha Sura ya 343, kama kilivyosomeka baada ya uchaguzi wa 2000, kilimzuia msajili wa mahakama kupanga tarehe ya kusikiliza shauri lolote la uchaguzi mpaka mlalamikaji awe ameweka mahakamani shilingi 5,000,000. Kiasi hicho hakikuwa na ngazi. Hakikujali ukubwa wa shauri, wala hakikumpa jaji ruhusa ya kukipunguza. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye naye anaruhusiwa na sheria kufungua shauri la uchaguzi, hakutakiwa kulipa.

Ili kuona uzito wa sharti hili, linganisha na fedha za dhamana za uteuzi. Mgombea ubunge ameendelea kutakiwa kuweka shilingi 50,000 ili jina lake liingie katika karatasi ya kura. Kwa hiyo kuomba kura za jimbo zima kulihitaji shilingi 50,000, na kulalamika kwamba kura hizo hazikuhesabiwa kwa haki kulihitaji mara mia ya kiasi hicho. Sijakutana na maelezo ya kuridhisha ya tofauti hiyo. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kuwa fedha za uteuzi huzuia wagombea wa mzaha ilhali dhamana ya gharama hulinda mifuko ya walalamikiwa. Lakini mzaha wa mgombea nao huigharimu Tume, na hakuna aliyependekeza mgombea aweke mamilioni.

Kifungu hicho kilipingwa katika shauri la Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali [2004] TLR 14. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikitangaza kuwa ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo hunukuliwa zaidi kwa kanuni zake za jumla za kuifasiri Katiba: kwamba Katiba ni waraka ulio hai na husomwa kwa namna inayoendana na nyakati, kwamba sheria huchukuliwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba anayetetea ukomo wa haki ya msingi ndiye mwenye mzigo wa kuuhalalisha. Wasomi wa sheria wamezirudia kanuni hizo kiasi kwamba mgogoro wenyewe, wa shilingi 5,000,000, hutajwa kwa sentensi moja tu. Kwa mada yetu mgogoro ndio wenye mafunzo.

Serikali ilitetea kifungu kwa hoja ya kuzuia mashauri ya kipuuzi na ya usumbufu. Mahakama haikulikataa lengo hilo. Ilichokikataa ni chombo kilichotumika kulifikia. Haki ya kufika mahakamani, ambayo mzizi wake uko katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inaweza kuwekewa mipaka, lakini mpaka huo usiwe wa kibabe na usizidi kile kinachohitajika kufikia lengo halali. Sharti la kiasi kimoja kwa wote huzuia shauri la kipuuzi la maskini na shauri la kweli la maskini kwa pamoja, kisha humpitisha tajiri mwenye shauri la kipuuzi. Wavu wa namna hiyo haunasi upuuzi, hunasa umaskini. Na mahakama tayari ina uwezo wa kulitupa shauri la kipuuzi kwa njia zake za kawaida.

Uamuzi huu haukuzuka ghafla. Miaka kadhaa kabla, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali [1993] TLR 159, Mahakama ya Rufani ilikuwa imebatilisha sharti la kuomba ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki Serikali. Katika Pumbun ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa mshtakiwa mwenyewe. Katika Ndyanabo ufunguo ulikuwa fedha. Katika yote mawili jaji hakuwa na ufunguo, na hapo ndipo ninapoiona nguvu halisi ya maamuzi haya mawili yakisomwa pamoja.

Namna Bunge lilivyojibu inaunga mkono usomaji huo. Kifungu kiliandikwa upya. Dhamana haikuondolewa, bali ilipewa sura ya maamuzi ya mahakama. Mlalamikaji alitakiwa, ndani ya siku 14 tangu afungue shauri, kuiomba mahakama ikadirie kiasi cha dhamana. Mahakama nayo ikapewa siku 14 za kutoa uamuzi. Kiasi hakikuruhusiwa kuzidi shilingi 5,000,000 kwa kila mlalamikiwa. Aliyedai kuwa hana uwezo angeweza kuruhusiwa kutoa dhamana ya aina nyingine, au kusamehewa kabisa. Mwanasheria Mkuu aliendelea kuwa nje ya sharti hili.

Maneno "kwa kila mlalamikiwa" hupita haraka machoni mwa msomaji. Katika mashauri mengi ya ubunge walalamikiwa huwa watatu: mbunge aliyetangazwa, msimamizi wa uchaguzi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anayeunganishwa kwa sababu mwenendo wa msimamizi unalalamikiwa. Ukomo wa juu ukawa shilingi 15,000,000, mara tatu ya kiasi kilichobatilishwa. Kwa juu juu mtu angesema Bunge lilipoteza kesi na kushinda kwa mlango wa nyuma. Mimi siioni hivyo kikamilifu. Kiasi kilikua, lakini kilikoma kuwa ukuta. Mlalamikaji asiye na fedha alipata mahali pa kusimama na kueleza hali yake, na mlalamikiwa alipata mahali pa kumpinga. Swali lililobaki ni la kiutendaji: jaji akadirie kwa kigezo gani? Sheria iliweka dari bila kuweka sakafu wala kanuni ya katikati. Makadirio yanaweza kuangalia idadi ya mashahidi, umbali wa jimbo kutoka masjala ya mahakama, au uwezo wa mlalamikaji, na majaji wawili wenye nia njema wanaweza kufika mahali tofauti sana.

Kenya ilichagua njia nyingine. Kifungu cha 78 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinataja viwango moja kwa moja: shilingi za Kenya 1,000,000 kwa shauri la Rais, 500,000 kwa ubunge au ugavana, na 100,000 kwa mjumbe wa bunge la kaunti. Faida yake ni uhakika. Mtu hujua siku ya kwanza anachotakiwa kuwa nacho. Kwa kipimo cha Ndyanabo, hata hivyo, viwango hivyo vingekabiliwa na swali lilelile, na ngazi tatu za viwango hazilijibu, kwa kuwa zimepangwa kwa cheo kinachogombewa. Uwezo wa anayelalamika haumo ndani yake.

5.0 Sahihi na ufikishaji wa hati: funzo kutoka Kenya ya miaka ya 1990

Masharti ya muundo huonekana madogo mpaka yanapomaliza shauri. Mifano miwili ya Kenya inajulikana sana, na inafaa kutajwa hapa kwa kuwa inaonesha jinsi sharti lisilo na fedha ndani yake linavyoweza kuwa gumu kuliko la fedha.

Baada ya uchaguzi wa 1992 Kenneth Matiba alipinga ushindi wa Rais Daniel arap Moi. Matiba alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, na hati yake ilitiwa sahihi na mkewe kwa mamlaka ya uwakilishi aliyopewa. Shauri lilitupwa kwa kuwa kanuni zilitaka sahihi ya mlalamikaji mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997 ilikuwa zamu ya Mwai Kibaki. Hati yake ilitangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali; haikukabidhiwa mkononi kwa Rais. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubaliana na uamuzi wa kulifuta shauri, ikishikilia kuwa hati ilipaswa kumfikia mlalamikiwa ana kwa ana. Atakayejiuliza mlalamikaji wa kawaida angelipitaje geti la Ikulu akiwa na bahasha mkononi hatapata jibu katika hukumu hiyo.

Lenye kuvutia ni namna kosa hilo lilivyorekebishwa. Wakenya hawakuisubiri mahakama ibadili msimamo. Waliandika katika Katiba yenyewe, ibara ya 87(3), kuwa hati ya shauri la uchaguzi inaweza kufikishwa moja kwa moja au kwa tangazo katika gazeti linalosomwa nchi nzima. Ni nadra kukuta katiba ikishughulika na jambo dogo kama kufikisha bahasha. Ukikuta hivyo, jua kuna mtu aliyewahi kuzuiwa mlangoni.

6.0 Sababu za kubatilisha na kiwango cha uthibitisho

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi, kwa kuwa inahusu hatua iliyo ndani ya mlango. Kifungu cha 108 kilitaja sababu chache za kubatilisha uchaguzi: kauli za kampeni zenye kuchochea tofauti za kikabila, kidini, rangi au jinsia, kutofuatwa kwa masharti ya sheria kwa namna iliyoathiri matokeo, na mbunge kutokuwa na sifa wakati alipochaguliwa. Sababu hizo zilitakiwa kuthibitishwa kwa kuiridhisha mahakama, na Mahakama ya Rufani, kwa mfano katika shauri la Lutter Symphorian Nelson [2000] TLR 419, ilisoma maneno hayo kuwa na maana ya uthibitisho usioacha shaka yenye mashiko, kiwango cha kesi za jinai.

Kuhusu "kuathiri matokeo", mwongozo wa awali ulitoka kwa Jaji Mkuu Georges katika Mbowe dhidi ya Eliufoo [1967] EA 240. Kwa maoni yake, matokeo yanaweza kuhesabiwa kuwa yameathirika hata kama mshindi angebaki yuleyule, ikiwa baada ya kuondoa athari za dosari zilizothibitishwa ushindani unaonekana kuwa wa karibu zaidi kuliko ulivyotangazwa. Lakini pengo likiwa kubwa mno, dosari moja haitoshi. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulionesha upana wa kipimo hicho. Katika Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wenzake dhidi ya Aman Walid Kabourou [1996] TLR 156, matangazo ya redio ya taifa yaliyoegemea upande mmoja yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya mahakama ione kuwa uchaguzi haukuwa huru na wa haki. Tutairudia Kigoma hivi punde.

7.0 Nani anaruhusiwa kulalamika?

Kifungu cha 111(1) kiliorodhesha wanaoweza kufungua shauri: mtu aliyepiga kura kihalali au aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo, mtu anayedai alikuwa na haki ya kuteuliwa au kuchaguliwa, mtu anayedai kuwa alikuwa mgombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mpigakura ametajwa wa kwanza. Mkisomea watu wa kijijini kifungu hicho kwa sauti, hakuna atakayeuliza maana yake.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2010 Godbless Lema alitangazwa kuwa mbunge wa Arusha Mjini. Wapigakura watatu walifungua shauri wakidai kuwa katika kampeni alitoa maneno ya kashfa dhidi ya mgombea mwingine. Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi wake Aprili 2012. Desemba mwaka huohuo, katika Rufaa ya Madai Na. 47 ya 2012, Mahakama ya Rufani ilimrudishia kiti. Haikufanya hivyo kwa kupima maneno yenyewe. Ilisema kuwa mpigakura aliyeandikishwa anaweza kupinga matokeo pale tu haki zake mwenyewe zinapokuwa zimeingiliwa. Maneno yaliyolalamikiwa, hata yangethibitika, yalimgusa mgombea aliyekashifiwa, na mgombea huyo hakuwa amefungua shauri.

Hapa ndipo hoja niliyoianza inapokutana na ugumu. Katika dhamana, nafasi ya jaji iliufungua mlango ambao Bunge lilikuwa limeufunga. Katika Lema, nafasi ya jaji iliongeza sharti ambalo maandishi ya kifungu hayana. Kifungu kinamtaka mlalamikaji awe alipiga kura au alikuwa na haki ya kupiga kura. Hakisemi kuwa haki hiyo iwe imeguswa. Mahakama iliijaza nafasi hiyo kwa kanuni ya kale ya sheria inayomtaka kila mdai awe na maslahi yake binafsi katika jambo analodai.

Utetezi wa uamuzi huo upo, na una uzito. Bila mpaka wowote, mgombea aliyeshindwa anaweza kuwatuma wapigakura watatu walalamike kwa niaba yake, naye akaepuka kuhojiwa kizimbani na akaepuka gharama. Jimbo lenye wapigakura makumi ya elfu lingekuwa na walalamikaji makumi ya elfu. Lakini hofu hiyo ni ileile ya mashauri ya usumbufu, ambayo katika Ndyanabo mahakama ilisema iko njia nyingine ya kuishughulikia. Na mwenye hofu ya mlalamikaji wa kutumwa anayo tayari dhamana ya gharama, ambayo jaji anaweza kuipandisha hadi dari yake.

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno "haki zake". Haki ya mpigakura huingiliwa lini? Akizuiwa kuingia kituoni, jibu ni rahisi. Kura yake ikihesabiwa kwa mwingine, bado ni rahisi, ingawa kwa kuwa kura ni ya siri hawezi kuthibitisha kuwa iliyohesabiwa vibaya ilikuwa yake. Turudi Kigoma. Redio ya taifa ikiegemea mgombea mmoja, nani kaumizwa? Mgombea wa upande wa pili bila shaka, na Kabourou alikuwa mgombea, kwa hiyo swali halikuzuka. Lakini tuseme angekaa kimya, kwa kuchoka, kwa kukosa fedha, au kwa kupatana na mshindi. Msikilizaji wa redio hiyo aliyepiga kura yake bila bughudha katika kituo tulivu angesimama wapi mbele ya kipimo cha Lema? Alipiga kura. Ikahesabiwa. Alichonyimwa ni uchaguzi wa haki, na hicho ni kitu alichonyimwa pamoja na jirani zake wote kwa kiasi kilekile.

Sura ya 343 sasa imeachia nafasi Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya Mwaka 2024. Tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mpigakura anaweza kusoma mwenyewe kifungu kinachomhusu na kukielewa. Maamuzi ya miaka ya nyuma yaliyokifasiri kifungu cha 111, ukiwamo wa Lema, yaliandikwa kwa Kiingereza. Atakayejisomea kuwa aliyepiga kura anaruhusiwa kulalamika, akakusanya fedha za dhamana na nauli ya kwenda masjala ya Mahakama Kuu ndani ya siku zake 30, atakutana na sharti la ziada kwa mara ya kwanza siku ya pingamizi la awali, likisomwa na wakili wa upande wa pili.